Sindano ya Mtoto wa Kilo Moja

Katika wodi za watoto wachanga, iwe ni Musoma, Bunda au kwingineko nchini, huonekana mara kwa mara mtoto ambaye uzito wake haufiki kilo moja na nusu. Amezaliwa kabla ya wakati wake. Watanzania humwita mtoto njiti, na jina hilo limemkaa vizuri, kwa maana mikono na miguu yake ni myembamba mithili ya njiti za kiberiti. Kwa hesabu ya waganga, njiti ni mtoto ye yote aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa ulimwenguni watoto wa namna hiyo wapatao milioni 13.4. Nchini Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizo ya vijidudu ndiyo mambo matatu makubwa yanayowaua watoto wa umri huo, na aghalabu mambo hayo hufuatana.

Maambukizo hutibiwa kwa viuavijasumu, yaani dawa za jamii ya penisilini na nyinginezo zinazoua bakteria au kuzuia zisiongezeke. Msomaji amekwisha kuzizoea dawa hizi: amezimeza alipougua kikohozi, na pengine amechomwa sindano yake alipopata jeraha. Ni rahisi basi kudhani kwamba mtoto njiti naye anahitaji dawa zile zile, ila kidogo kidogo kulingana na uzito wake. Dhana hiyo imewahi kuwagharimu watoto wengi maisha yao. Mwili wa njiti si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Ni mwili ambao baadhi ya viungo vyake bado havijamaliza kujengwa, na dawa inayopita humo hukutana na figo, ini na damu za namna nyingine kabisa.

Kwa nini njiti huambukizwa upesi

Mtoto anapokuwa tumboni, kingamwili za mama yake hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu yake. Akiba hii ndiyo inayomlinda katika miezi ya kwanza, wakati mwili wake mwenyewe haujajifunza kutengeneza kinga. Lakini sehemu kubwa ya kingamwili hizo hupita katika wiki za mwisho za mimba. Mtoto anayezaliwa katika wiki ya 28 huwa ameondoka sokoni kabla kikapu hakijajaa.

Ngozi yake nayo ni nyembamba mno. Hupoteza maji na joto kwa urahisi, na haiwezi kuwazuia vijidudu kama ipasavyo. Tena mtoto huyu hana nguvu za kunyonya, kwa hiyo hulishwa kwa mpira unaopita puani au kinywani hadi tumboni. Na mara nyingi huwekewa sindano katika mshipa kwa ajili ya maji na dawa. Kila mpira na kila sindano ni njia ambayo bakteria wanaweza kuifuata.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba njiti hatoi taarifa. Mtu mzima aliyeambukizwa hupata homa, hutetemeka, na husema mahali anapoumwa. Njiti huenda mwili wake ukapoa badala ya kupata joto. Hulegea, hukataa chakula, husimama kupumua kwa sekunde kadhaa kisha huendelea. Dalili hizo hizo huletwa pia na baridi, na upungufu wa sukari katika damu, na hata na ubongo ambao haujakomaa vya kutosha kuongoza upumuaji. Muuguzi wa zamu ya usiku anamwona mtoto aliyelegea, wala hana njia ya kujua kwa kumtazama tu kama ni vijidudu au ni baridi ya alfajiri. Akisubiri mpaka apate hakika, huenda mtoto akafariki katika muda wa saa chache. Kwa hiyo dawa huanzishwa kwa kushuku, na hilo ni jambo sahihi. Ugumu wenyewe huanza baada ya hapo.

Hesabu ya tone moja

Katika kitabu chake cha mwaka 2013 cha kuongoza matibabu ya watoto hospitalini, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizo makali aanze na ampisilini au penisilini pamoja na jentamisini. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti. Ampisilini huwazuia bakteria wasijenge ukuta unaozunguka mwili wao, nao hupasuka. Jentamisini huingia ndani ya bakteria na kuvuruga utengenezaji wa protini.

Kitabu hicho kilitaja miligramu 3 za jentamisini kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa mtoto mwenye uzito mdogo aliye katika wiki yake ya kwanza. Chukua mfano wa mtoto wa kilo 1.2. Atahitaji miligramu 3.6. Sasa, kichupa cha jentamisini kinachopatikana kwa wingi kimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima: kina mililita 2 zenye miligramu 80, yaani miligramu 40 katika kila mililita. Mwanafunzi akigawanya 3.6 kwa 40 atapata 0.09. Hiyo ni sehemu ya mililita isiyozidi matone mawili hivi. Bomba la sindano la mililita 2 lina mistari ya 0.1, kwa hiyo kipimo cha mtoto huyu ni kidogo kuliko mstari wa kwanza kabisa. Dawa inayobaki katika shingo ya bomba, pale inapounganishwa na sindano, yaweza peke yake kukaribia kiasi hicho.

Wauguzi hutatua jambo hili kwa kuizimua dawa. Mililita 1 ya dawa, yenye miligramu 40, ikichanganywa na mililita 3 za maji safi ya sindano, hupatikana mililita 4 zenye miligramu 10 katika kila mililita. Sasa mtoto anahitaji mililita 0.36, kiasi kinachoweza kupimwa vizuri katika bomba la mililita 1 lenye mistari midogo midogo. Hesabu ni ya darasa la chini kabisa la sekondari. Hata hivyo, mtu aliyechoka saa tisa za usiku akiisogeza nukta ya desimali nafasi moja tu, mtoto atapata dawa mara kumi. Ndiyo sababu katika wodi nyingi hutakiwa watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe majibu. (Mfano huu umetolewa kwa ajili ya kufundishia, kipimo cha kila mgonjwa huamuliwa na mganga wake kwa kufuata mwongozo uliopo.)

Figo ambazo bado zinajengwa

Baada ya dawa kuingia, swali linalofuata ni lini itatoka. Jentamisini huondolewa mwilini na figo. Vichujio vya figo huendelea kuundwa hadi karibu wiki ya 36 ya mimba, kwa hiyo mtoto wa wiki 28 amezaliwa wakati mafundi bado wako juu ya paa. Figo zake huchuja, lakini polepole.

Wataalamu hupima kasi hiyo kwa kuangalia ni muda gani hupita hata kiasi cha dawa katika damu kipungue kwa nusu. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, jentamisini hupungua kwa nusu katika muda wa saa 2 hivi. Kwa njiti katika siku zake za kwanza muda huo waweza kufika saa 8, na hata kuzidi. Tofauti ya 2 na 8 inaonekana ndogo mpaka ihesabiwe. Katika saa 24 dawa ya mtu mzima itakuwa imegawanywa kwa mbili mara 12. Itakayobaki ni sehemu moja tu katika 4,096, yaani kama hakuna kitu. Ya mtoto itakuwa imegawanywa mara 3 tu. Itabaki sehemu moja katika 8. Sindano ya pili ikichomwa mapema, dawa mpya huikuta ya zamani, na kiasi huzidi kupanda siku hadi siku.

Kinachoongeza ugumu ni maji. Karibu asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji; kwa njiti ni asilimia 80 au zaidi. Jentamisini ni dawa inayoyeyuka katika maji, nayo hutawanyika humo kama chumvi itawanyikavyo katika sufuria. Sufuria ikiwa kubwa, chumvi ile ile huwa hafifu. Kwa hiyo kila sindano lazima iwe na nguvu za kutosha kuua vijidudu katika maji hayo mengi, na wakati huo huo sindano zisifuatane upesi kwa sababu figo ni changa. Mambo haya mawili yanavutana. Nchi nyingine huongeza kipimo cha kila sindano na kuziachanisha kwa saa 36 au 48. Mwongozo uliotajwa hapo juu ulipunguza kipimo cha mtoto mdogo na kubaki na sindano moja kwa siku, utaratibu ambao ni rahisi kukumbukwa katika wodi yenye wagonjwa wengi.

Jentamisini inayozidi na kukaa muda mrefu huweza kuziumiza figo. Huweza pia kuziua chembe za sikio la ndani ambazo hugeuza sauti kuwa ishara za neva, na chembe hizo zikifa haziwi tena. Dawa ikitolewa kwa kipimo na kwa siku zinazofaa, hatari hiyo ni ndogo. Lakini ikitokea, mtoto hawezi kusema kwamba hasikii. Huenda jambo hilo likajulikana miaka mingi baadaye, na anayeligundua akawa ni mwalimu anayejiuliza kwa nini kijana wa dawati la nyuma hajibu anapoitwa.

Mafunzo ya mwaka 1956 na 1959

Ujuzi huu haukupatikana bure. Katika miaka ya 1950 hospitali za Marekani zilikuwa na desturi ya kuwapa njiti viuavijasumu hata kabla hawajaugua, kwa kinga. Daktari William Silverman na wenzake wa mjini New York walitaka kujua ni utaratibu upi ulio bora kati ya miwili: penisilini pamoja na dawa ya salfa, au oksitetrasaiklini. Waliwagawa watoto katika makundi mawili na kuhesabu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1956, yalikuwa ya kushtua. Watoto wa kundi la salfa walikufa wengi zaidi, na baadhi yao walipopasuliwa baada ya kufa, sehemu za ubongo zilikutwa zimegeuka rangi ya manjano.

Kemia yake ilielezwa baadaye. Chembe nyekundu za damu zinapovunjika hutoa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Katika damu, bilirubini hubebwa na protini iitwayo albumini, kama abiria aliyeketi katika kiti, mpaka ifike katika ini na kutayarishwa kutolewa nje. Ini la njiti ni changa, kwa hiyo abiria ni wengi na safari ni ndefu. Dawa ya salfa nayo hukaa katika viti vile vile. Inapoingia, humwinua abiria aliyekuwapo. Bilirubini ikabaki huru, ikapenya hadi kwenye ubongo na kuuharibu. Mtu mzima aliyepewa salfa hiyo hiyo hapati madhara hayo, kwa kuwa bilirubini yake ni kidogo na ini lake linafanya kazi yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, waganga wa Los Angeles walichapisha habari za kloramfenikoli. Walikuwa wamewachunguza watoto ambao chupa ya uzazi ya mama zao ilipasuka zaidi ya saa 24 kabla ya kuzaliwa, hali iliyowafanya wahofiwe kuambukizwa. Miongoni mwa njiti ambao hawakupewa dawa yo yote, waliokufa walikuwa karibu asilimia 19. Waliopewa penisilini na streptomisini, karibu asilimia 18. Waliopewa kloramfenikoli peke yake, karibu asilimia 60. Na waliopewa zote tatu, karibu asilimia 68. Watoto hao walivimba tumbo, wakalegea, na ngozi yao ikawa ya kijivu kama majivu. Ini lao halikuwa na uwezo wa kuifunga kloramfenikoli ili itolewe, nayo ikajilimbikiza hadi kuzuia chembe za mwili zisitengeneze nguvu.

Katika visa vyote viwili dawa ilikuwa imekubalika na ilikuwa ikitolewa kwa nia njema kila siku. Madhara yake hayakuonekana, kwa sababu njiti walikuwa wakifa siku zote, na kila kifo kilielezwa kwa udogo wa mtoto. Ilihitajiwa kuwepo kundi la kulinganisha ndipo ukweli uonekane. Mwalimu wa baiolojia anayetafuta mfano wa kuwaeleza wanafunzi kwa nini jaribio huwa na kundi la namna hiyo hatapata ulio mzito kuliko huu.

Orodha iliendelea kurefuka. Tetrasaiklini hushikamana na madini ya chokaa katika mifupa na meno yanayokua. Mwaka 1963 ilionyeshwa kwamba huchelewesha ukuaji wa mifupa ya njiti. Seftriaksoni, sindano inayotumika sana siku hizi, huweza kuiondoa bilirubini kwenye albumini, tena huganda ikikutana na dripu yenye chokaa, kwa hiyo haimfai mtoto mchanga mwenye manjano wala anayepewa dripu ya namna hiyo. Na salfa haijaondoka: imo katika Septrin, dawa ambayo karibu kila nyumba ya Kitanzania inaijua. Mama wa Butiama au Bunda anayemrudisha nyumbani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kisha akamsikia anakohoa, huenda akashauriwa na jirani mwema ampe mtoto nusu kijiko cha dawa ya nduguye iliyobaki kabatini. Jirani huyo anakumbuka jinsi dawa hiyo ilivyomponya mtoto wake wa miaka mitatu. Hajui habari za viti na abiria.

Vijidudu visivyosikia dawa

Ili kujua kama mtoto ana bakteria katika damu, na ni bakteria gani, damu kidogo huwekwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu na kuachwa katika joto. Kazi hiyo huitwa kuotesha damu. Kwa njiti hata hilo si jambo dogo. Mtoto wa kilo moja ana damu ya mililita 90 hivi. Kumtoa mililita moja ni kama kumtoa mtu mzima mililita 50, na akipimwa mara nyingi mwishowe atahitaji kuongezewa damu.

Katika Kanda ya Ziwa, uchunguzi mkubwa wa aina hii ulifanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kwa barabara inayopita Bunda na kando ya mbuga ya Serengeti. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Watoto wachanga 300 walioshukiwa kuwa na maambukizo ya damu walipimwa. Vijidudu viliota katika damu ya watoto 149, yaani karibu nusu. Watoto 57 walifariki, ambao ni asilimia 19. Bakteria walioonekana zaidi ni pamoja na Klebsiella na E. coli, na wengi wao hawakusikia ampisilini wala jentamisini, zile dawa mbili ambazo matibabu huanza nazo. Waliokuwa na bakteria sugu walifariki zaidi.

Habari hiyo inalingana na ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002 walichunguzwa watoto waliolazwa, wachanga na wakubwa. Miongoni mwa waliopatikana na bakteria katika damu wa jamii ya Klebsiella na E. coli, zaidi ya watoto 4 katika kila 10 walifariki. Kwa malaria ilikuwa 2 katika kila 10. Mkoa kama Mara, ambao umepigana na malaria miaka mingi, una sababu ya kuzitazama namba hizo mara mbili.

Usugu huu hutokea vipi? Penisilini na ndugu zake wote wana pete ndogo ya atomi nne katika umbile lao, na pete hiyo ndiyo nguvu yao. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya kinachoikata. Maelezo ya jinsi ya kutengeneza kimeng'enya hicho yameandikwa katika kipande kidogo cha urithi ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa aina tofauti. Kila mara kiuavijasumu kinapotolewa, bakteria dhaifu hufa na wenye kipande hicho hubaki na nafasi. Uchunguzi mwingine wa Bugando uliochapishwa mwaka 2020 uliwakuta bakteria sugu kwenye vitanda vya watoto na kwenye mikono ya mama zao. Mama hakuwaleta kutoka nyumbani kwa hiari yake; wodi yenyewe ilikwisha kuwa shamba lao.

Waganga nao wanahangaika. Kati ya mwaka 2018 na 2020 hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo, zilifuatilia watoto wachanga 3,204 walioshukiwa kuambukizwa. Ilionekana kwamba walitibiwa kwa michanganyiko zaidi ya 200 ya viuavijasumu. Ugonjwa mmoja ukiwa na dawa 200, maana yake ni kwamba hakuna mwenye hakika. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti waliirudia fosfomaisini, dawa ya zamani, na kuijaribu kwa watoto wachanga ili kujua kipimo chake, kwa matumaini kwamba bakteria hawajaizoea sana.

Swali la kuacha

Kuanza dawa ni uamuzi wa dakika moja. Kuacha ni kugumu zaidi. Bakteria wengi, kama wamo katika damu, huota ndani ya saa 36 hadi 48. Chupa ikibaki safi na mtoto akawa na afya njema, mganga anaweza kuacha dawa siku ya pili au ya tatu. Mahali ambapo damu haioteshwi, hana cha kumwambia aache. Hivyo mtoto aliyelegea kwa baridi tu hupewa sindano siku saba au kumi sawa na mwenye maambukizo ya kweli.

Siku hizo za ziada zina gharama. Utumbo wa mtoto huanza kukaliwa na bakteria wema tangu siku ya kwanza, na viuavijasumu huwafagia hao pamoja na wabaya. Mwaka 2009 vituo 19 vya Marekani vilichapisha habari za watoto wenye uzito usiozidi kilo moja ambao damu yao ilioteshwa isitoe kitu. Waliopewa dawa kwa siku 5 au zaidi walipata zaidi ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, na walikufa zaidi, kuliko waliopewa siku chache. Hapa pana haja ya uangalifu: huenda waliopewa dawa siku nyingi walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na ingawa watafiti walijaribu kusawazisha jambo hilo kwa hesabu, uchunguzi wa namna hiyo haulingani na ule wa 1956 wa kuwagawa watoto. Hata hivyo unatosha kumfanya mtu asiseme kwamba siku mbili za ziada hazina neno.

Katika mazungumzo ya usugu wa dawa watu hupenda kudai dawa mpya na kali zaidi. Kwa hospitali ya wilaya iliyo mbali na maabara kubwa, chupa ya kuoteshea damu, tanuri dogo la joto na fundi anayejua kulitumia vina faida kubwa kuliko kichupa cha dawa mpya. Dawa mpya bila maabara itatumiwa kama ile ya zamani, nayo itachakaa kama ile ya zamani.

Safari, kifua cha mama, na Migori

Katika zahanati ya kijiji maabara hiyo haitazamiwi. Huko kinachotakiwa ni hatua ya kwanza iliyo sahihi. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu watoto wagonjwa unaelekeza kwamba mtoto mchanga mwenye dalili za hatari achomwe sindano ya kwanza ya kiuavijasumu kabla hajaanza safari ya kwenda hospitali, apewe maziwa ya mama ili sukari isishuke, na afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, njia nzima. Kutoka vijiji vya Butiama hadi Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa mjini Musoma, mtoto aliyefungwa kifuani hufika akiwa na joto. Aliyezungushiwa kanga mkononi hufika amepoa, na huko atahesabiwa kuwa na dalili moja zaidi ya maambukizo.

Huduma hii ya kifuani huitwa ya mama kangaruu. Ilianzishwa mjini Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu hospitali ilikuwa na uhaba wa mashine za kutia watoto joto. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni ya mtoto ambaye amekwisha kupata nafuu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambamo watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hali yao haijatulia. Waliofariki katika siku 28 walikuwa asilimia 12.0, na katika kundi la utaratibu wa zamani asilimia 15.7. Walioshukiwa kuwa na maambukizo walikuwa asilimia 22.9 dhidi ya 27.8. Hizo ni sindano nyingi ambazo hazikuhitajiwa. Mtoto aliye kifuani hushikwa na watu wachache, hunyonya mapema, na bakteria wa kwanza kumkalia ni wa ngozi ya mama yake, si wale wa wodini.

Mfano mwingine uko jirani kabisa, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, ambako wakazi huzungumza Kikuria na Kijaluo kama majirani zao wa Mara. Kati ya mwaka 2016 na 2018 vituo 20 vya afya vya Migori na vya Busoga, Uganda, viliingizwa katika jaribio la kuwahudumia njiti. Vyote vilisaidiwa kuweka kumbukumbu vizuri na vikapewa orodha ya kukagua wakati wa kuzalisha. Nusu yake vikaongezewa mafunzo ya kuigiza dharura, timu nzima ikiwa pamoja kando ya kitanda, na mikutano ya kutazama kasoro zao wenyewe. Katika vituo vilivyopata nyongeza hiyo, njiti na watoto wenye uzito mdogo waliokufa wakati wa kuzaliwa au kabla ya siku 28 walikuwa asilimia 15.3, katika vile vingine walikuwa asilimia 23.3. Mafunzo hayo hayakuleta dawa mpya hata moja. Wakunga walifundishwa kuhesabu umri wa mimba, kutambua mapema uchungu uliokuja kabla ya wakati, kumsaidia mtoto apumue, na kumweka kifuani pa mama yake kabla hajapoa.